Ushuru sifuri, lakini muhuri uko wapi?

Mhariri,

Ile ripoti yenu kuhusu mkataba wa biashara kati ya Kenya na Uingereza nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika. Eti wauzaji nje "tunaneemeka" kwa kuwa bidhaa zetu zinaingia Uingereza bila ushuru. Nimenunua gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo mniwie radhi.

Kwanza, ushuru huo hatukuwa tukitozwa hata kabla Uingereza haijatoka Umoja wa Ulaya. Mkataba uliotiwa saini London tarehe 8 Desemba 2020 ulizuia tu tusianze kutozwa. Si jambo dogo, nakubali: majirani zetu Uganda na Tanzania huingia bure kwa kuhesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi, na sisi hatumo kwenye orodha hiyo. Waliokuwa wakiuza maua mwishoni mwa 2014, Ulaya ilipotutoza kwa karibu miezi mitatu, wanajua uchungu wake. Lakini kutonyang'anywa ndiko kuneemeka? Tena ushuru hulipwa na mnunuzi hukohuko. Ukiondolewa, nafuu inaingia mfukoni mwake kwanza. Mimi nitaionja nikijua kuvutana bei, na mwenye mishiri (maharagwe mabichi ya maganda) inayonyauka havutani sana.

Mwaka jana nilipakia tani tatu. Mishiri imechambuliwa, imekatwa vikonyo, mabaki ya dawa yamepimwa, cheti cha afya ya mimea kipo. Kikakosekana cheti cha asili, ile karatasi inayomwambia afisa wa forodha wa Uingereza kwamba mishiri hii imeota Kenya kweli na inastahili sifuri. Fomu nilipeleka Jumatatu. Alhamisi jioni nikaambiwa mwenye muhuri ameshatoka, rudi kesho. Ndege haina kesho! Mzigo ukaenda bila cheti, ukatozwa ushuru kana kwamba mkataba haupo, na mnunuzi akaukata wote kwenye malipo yangu. Cheti kikatoka wiki iliyofuata. Nikamtumia, maana kanuni zinaruhusu kitolewe baada ya mzigo kuondoka na ushuru udaiwe urudishwe. Akanijibu kwa mstari mmoja kwamba hana muda wa kufuatilia. Wakulima kumi na wanne walioniletea mishiri ile niliwalipa bei tuliyopatana, kwa pesa nilizokopa. Hebu mtumeni mwandishi wenu aje awaulize wao wameneemeka wapi.

Na tukiwa bado kwenye karatasi, kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Niliyolipa kwenye katoni na vifaa vingine napaswa kurudishiwa, kwa sababu mimi nauza nje. Nilianza kuidai kitinda mimba wangu akiwa gredi ya nne. Sasa yuko sekondari msingi. Badala ya pesa naalikwa warsha hotelini, napewa kalamu na kijitabu, naelezwa fursa za soko la Uingereza.

Ombi langu ni hili. Mtu mmoja mwenye muhuri akalishwe kwenye maghala ya mizigo pale uwanja wa ndege, Jumatano hadi Ijumaa, mpaka ndege ya mwisho ifunge mlango. Kiti chochote kitamfaa, hata kibao cha mbuzi. Chai nitaleta mimi. Kalamu pia ninazo, za warsha.

Mkulima na muuzaji wa mishiri,
Mwea, Kirinyaga