Hiyo orodha yako ikunje kwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na orodha ya vitu vya kununua ili upige picha za hereni na chupa zako nimeisoma mpaka mwisho. Kwa heshima zote, ikunje uiweke kando. Taa tatu, kile kiboksi cheupe chenye taa ndani, kisahani kinachozunguka: utavinunua siku ukijua unakosa nini. Kwa sasa hereni zako na zile chupa za marashi zinataka meza, dirisha na karatasi.

Meza isogeze ubavuni mwa dirisha lisilopigwa na jua, mwanga uingie kutoka upande mmoja. Jua likifika, tundika shuka jeupe jembamba. Mwanga unaotoka kwenye eneo kubwa kuliko kitu chenyewe hulainisha vivuli. Ukitoka kwenye nukta ndogo, vivuli hukatika kama kwa wembe. Ndiyo maana balbu tupu haikufai hata iwe kali namna gani. Na taa za chumbani zizime zote. Mwanga wa mchana ni takriban kelvini 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), balbu ya njano ni kama 2700. Ukivichanganya, hereni moja itatoka na ubavu wa buluu na ubavu wa manjano, na kurekebisha baadaye ni mateso.

Karatasi iwe manila nyeupe isiyong'aa. Ibandike ukutani, iteremke mpaka mezani kwa mpindo mpana, bila kona, jicho lisijue ukuta umeishia wapi. Upande wenye kivuli simamisha kadibodi nyeupe, uisogeze polepole uone giza linavyopungua. Kadibodi hiyo mimi naithamini kuliko lenzi ya pili.

Usishtuke weupe ukitoka kijivu. Kamera hudhani kila inachokiona kina mwangaza wa wastani, hivyo karatasi nyeupe huitia giza. Ongeza mwangaza hatua moja (+1 kwenye kamera), hata moja na nusu. Mengine ni mepesi: ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 au f/11 (upana wa tundu la lenzi), kamera juu ya stendi, na taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Ukitumia simu, usiibane puani mwa kitu, maana umbo litavimba. Rudi nyuma kidogo, utumie lenzi yake ya kuvuta.

Hereni za fedha zitakuudhi. Zinaakisi kila kitu, pamoja na wewe na shati lako. Watu huhangaika kuufuta mng'ao. Mimi naona heri uchague kitakachoakisiwa. Zizungushie karatasi nyeupe, uache tundu la lenzi tu, kisha ongeza kipande chembamba cheusi ili chuma kipate mstari wa giza. Bila mstari huo, fedha hufanana na plastiki.

Chupa ni habari nyingine. Kioo humulikwa kwa nyuma: weka karatasi nyeupe inayopitisha mwanga kati ya chupa na dirisha, halafu kadibodi nyeusi kulia na kushoto, nje kidogo ya picha. Kingo za chupa zitajichora zenyewe. Lakini chupa ziache kwa sasa, anza na zile hereni za duara.

Ukishapiga, nitumie picha moja kabla hujaihariri, na nyingine ya meza yenyewe, dirisha likionekana. Hiyo ya pili ndiyo nitakayoiangalia kwanza.

Wako daima.