Mama, ugonjwa wa Idris si ule wa Mjomba Hamadi

London, Jumapili

Mama mpenzi, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza usiku, Idris kanilalia kifuani. Umeuliza: kama ni Crohn, ule ugonjwa wa utumbo kuvimba na kutoka vidonda, mbona Hamadi anayo miaka yote, anatumia dawa na baharini anakwenda? Hata madaktari wa hapa walikuwa wakijiuliza hivyo hivyo.

Hamadi alianza kuumwa mtu mzima. Idris hakuwa ametimiza hata miezi miwili, akaanza kutoa choo cha damu, kisha vidonda na fistula, yaani vijitundu vinavyotoboka, pembeni mwa njia ya haja kubwa, na ngozi ikamtoka vipele. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, hazikumsaidia; na dawa nyingine iitwayo infliximab vilevile. Walipomwingiza kamera, utumbo wake ulionekana kama wa mgonjwa yeyote wa Crohn, na kipande walichokata wakakitia kwenye darubini kilisema hayohayo. Kilichowatia shaka ni umri wake. Ndipo daktari akatuuliza kama mimi na mume wangu Suleiman tuna udugu. Nikamwambia ndiyo, mtoto wa ami yangu. Hakukunja uso, akaandika tu, akaagiza damu ipimwe jeni.

Jibu limekuja: jeni iitwayo IL10RA ina hitilafu. Mwilini mna kitu kinaitwa interlukini-10, kazi yake kuziambia seli za kinga "basi, imetosha". Za Idris hazina masikio ya kuisikia, kwa hiyo zinaendelea kuuchoma utumbo wake mwenyewe. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 2009, na mmoja wa watoto wale alipandikizwa uboho wa mifupa, akatulia. Idris naye ndiyo njia anayotakiwa kupitia.

Mamake Suleiman mwambie taratibu, maana najua ameshaanza: haya hayakutoka kwetu peke yetu wala kwao peke yao. Mimi ninayo nakala moja mbovu, Suleiman anayo moja, na sote wazima. Idris kachukua zote mbili. Kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kutoka hivi. Habari za kijicho na aziache.

Sasa la Nasra, dada yake Idris. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye uboho, na hata akiwa na nakala moja mbovu kama mimi, bado anaweza kumtolea mdogo wake. Hospitali itatuma vijiti vya kupangusa ndani ya shavu, hakuna sindano, mwambie asiogope. Nusu saa kabla asile wala asinywe kitu, na hapo nakujua wewe, Mama: usimpe urojo kwa huruma. Damu ya kuangalia jeni yake mwenyewe itafuata baadaye.

Habasoda usitume. Idris analishwa kwa mpira wa puani, na maziwa yake yanapimwa na wauguzi.

Suleiman anakusalimu. Nipigie Jumatano baada ya Isha.

Mwanao,
Rukia