Mafundi wekeni chini grenda, shaba za milango zinaisha

Mhariri, assalaam aleikum.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie vyuma vya milango na madirisha ya Mji Mkongwe wa Unguja, yaani bawaba, makomeo, vitasa, minyororo na zile njumu za shaba zilizopangwa mbele ya mlango. Mji wetu umeingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tokea mwaka 2000 na kila anayeusifu anasifu milango, lakini nyumba ikifanyiwa ukarabati mbao ndio zinalindwa, vyuma vinapigwa grenda mpaka ving'are au vinang'olewa vinauzwa skrepa kwa kilo, halafu dirisha la miaka mia linapachikwa komeo jipya la duka ambalo kwa hewa yetu ya chumvi halikai sana kabla halijaanza kutoa kutu. Hili linaniuma, kwa sababu vyuma vile vingi havijaharibika hata kidogo, vimezibwa na rangi tu.

Nendeni Kiponda, Malindi, Sokomuhogo muangalie madirisha. Komeo limepakwa rangi juu ya rangi, kijani, buluu, nyeupe, kahawia, mpaka haliendi mbele wala nyuma, mtu anasema limekufa litolewe. Halijakufa. Safisha kwanza ile rangi iliyoingia kwenye mfereji wa skrubu kwa ncha ya msumari ndio utie bisibisi, maana ukilazimisha kichwa cha skrubu kinaliwa na hapo kazi inakuwa ngumu mara mbili. Ukishavitoa viweke kwenye maji yenye magadi, chemsha kwa moto mdogo, viache vilale humo usiku, asubuhi rangi inavuka kama ngozi na unaimalizia kwa mswaki wa zamani. Ila msitumie sufuria zetu za alumini, magadi yanazila, tafuteni debe au sufuria ya chuma na isirudi tena jikoni, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, nayo ni sumu. Na ndio maana nasema hasa hasa kuhusu grenda na msasa mkavu, lile vumbi linaingia kifuani mwa fundi na linatua pale barazani watoto wanapocheza, sio jambo la kulifanyia mzaha.

Sasa shaba. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ukiilaza kwenye siki usiku kucha au ukaipaka asidi ya kusafishia vyoo (na nimeona watu wakifanya hivyo) zinki inatoka na inabaki madoa ya rangi ya waridi ambayo ni shida kuyaondoa. Bibi zetu walitumia ukwaju, au ndimu na chumvi, na ile ni kazi nzuri kabisa, lakini haiachwi ikalala, unapaka, unasugua kidogo kwa kitambaa, unasuuza hapo hapo kwa maji matamu, sio maji ya kisima yenye chumvi, halafu unakausha mpaka kwenye pembe. Chumvi ikibaki inaendelea kula. Njumu za mlangoni ndio zinataka subira zaidi maana huzing'oi, kata tundu kwenye kadibodi, ivishe njumu moja moja usafishe pale pale ili ukwaju au dawa ya dukani isiingie kwenye mbao, maana ikikauka inaacha duara jeupe kuzunguka kila njumu na mlango mzima unaonekana una ugonjwa. Ukimaliza pitisha nta ya nyuki kidogo tu, ikifika kusi au kaskazi unarudia.

Na jamani si lazima ing'are kama sinia la harusi! Ule weusi-weusi wa kahawia ulioshika vizuri hauna madhara, unaikinga shaba. Cha kuondoa ni ule unga wa kijani. Mimi naona mlango wa zamani uliong'arishwa kupita kiasi unapoteza kitu, na zaidi ya hapo kila ukisugua unapunguza nakshi, njumu nyengine zimeshakuwa laini huzioni tena michoro yake.

Jengine, kabla hujasugua chochote chukua sumaku. Ikinata, hiyo ni chuma kilichopakwa shaba juu kwa wembamba sana, ukisugua unaimaliza, hiyo ifute kwa sabuni na maji basi. Isiponata hapo mara nyingi una shaba. Na bawaba ya shaba irudishiwe skrubu za shaba, ukitia za chuma kwa unyevu huu wa bahari zile za chuma ndio zinaliwa haraka, mlango unaanza kulegea na lawama anapewa seremala. Nondo za madirisha ni habari nyengine, zile ni chuma, brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, basi.

Ombi langu kwa wanaohusika na hifadhi ya Mji Mkongwe, kibali cha ukarabati kikitolewa basi vyuma vya kila mlango na kila dirisha vipigwe picha na vihesabiwe kabla fundi hajaanza, na kazi ikiisha vihesabiwe tena. Na wenye nyumba, hata nyinyi wa Wete kule Pemba mlio na nyumba za zamani, mwambieni fundi mapema kwamba kinachotoka kwenye dirisha kinatiwa kwenye kopo lake pamoja na skrubu zake, kopo linaandikwa dirisha gani, na linakaa kwako wewe sio kwake. Kwa mwenye kitasa ambacho ufunguo umekwama, tieni mafuta ya taa kidogo muache siku moja au mbili kabla hamjaita mtu wa kuvunja.

Msomaji wako, Mkunazini, Unguja.