Kuhusu Ile .410 ya Idi

Fort Worth, 9 Agosti

Ndugu yangu Mbwana,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wa nyumbani. Sisi hatujambo, ila joto la Texas tu. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani, na kwa uvivu wangu ningeendelea kunyamaza kama Baraka asingenipigia simu juzi kuniambia kwamba umemnunulia mtoto Idi bunduki ya .410, ile ya marisau yenye mtutu mwembamba, na kwamba unakusudia kujaza risasi zake mwenyewe kwa baruti iliyobaki kwenye kopo lako la geji 12. Habari ya kwanza imenisikitisha kidogo. Ya pili imeninyima usingizi.

Nianze na ile ya kwanza. Ulimwonea mtoto huruma kwa kuwa bunduki hiyo ni nyepesi na haimuumizi bega, nami sikulaumu. Lakini risasi yake fupi hubeba nusu wakia tu ya marisau, yaani punje kama 175 za namba 7½, ilhali geji 28 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba) hubeba robo tatu ya wakia, punje zipatazo 260, na teke lake bado ni la upole. Hua wa Septemba huruka kwa kupindapinda. Marisau yakiwa machache, ndege hupenya katikati yake, au huondoka na jeraha akafie vichakani, asipatikane wa kuchinjwa wala wa kuliwa. Kwa maoni yangu .410 ni bunduki ya fundi, si ya mwanafunzi. Haya, imeshanunuliwa, mzuie tu asipige kitu kilicho mbali zaidi ya hatua 25.

Sasa baruti. Mbwana, nakusihi, kopo hilo usiliguse kwa kazi hiyo. Baruti ya geji 12 kwa kawaida huungua haraka, na mtutu mwembamba wa .410 huhitaji ile iunguayo polepole. Ukizibadilisha, shinikizo hupanda kupita kiasi ambacho chuma kinaweza kustahimili, hata kama umepima kidogo. Vitabu vya watengenezaji wa baruti hutaja ganda, fataki inayowasha baruti, kikombe cha plastiki kinachoshika marisau na uzito wa baruti kwa pamoja, na ukibadilisha kimoja, hata fataki tu, hesabu si ile tena. Najua utasema kwamba umejaza za geji 12 miaka mingi bila ajali. Hata mimi nilisema hivyo.

Sikukuambia yaliyonipata Oktoba iliyopita, kwa aibu. Nilikuwa najaza za geji 28, simu ikalia, nikarudi kwenye mashine ya kujazia na kuvuta mkono wake bila kujua kwamba ganda moja halikupata baruti. Tulipokuwa shambani nikafyatua, nikasikia sauti kama ya mtu anayekohoa, na kidole changu kilikuwa tayari kwenye kifyatulio cha mtutu ule ule kwa risasi iliyofuata Mzee Kibwana aliponishika mkono. Tulifungua bunduki, tukatoa risasi, nikachungulia mtutu nikiuelekeza mbinguni: giza. Kikombe kilikuwa kimekwama katikati. Ningefyatua tena, mtutu ungepasuka juu ya vidole vyangu vya kushoto. Tangu siku hiyo nayapanga maganda kwenye kisanduku na kuyamulika kwa tochi moja moja kabla ya kuweka vikombe, na kila baada ya maganda kumi naipima baruti kwa mizani. Mzee Kibwana bado ananiita Bwana Kikohozi.

Kujaza mwenyewe kuna faida, sikatai, maana risasi za geji ndogo ni ghali dukani kuliko za 12. Lakini faida hiyo isitafutwe ndani ya kopo la zamani. Hivi kopo lenyewe bado lina karatasi yake, au ni lile ulilolihamishia kwenye chombo cha kahawa? Umeshajaza ngapi, na Idi ameshapiga hata moja? Na zile risasi za njano za geji 20, bado unazichanganya mfuko mmoja na za 12, wakati unajua kwamba moja ikitumbukia kwenye bunduki kubwa hukwama mbele na kuacha nafasi ya nyingine nyuma yake? Shemeji amekubali mtoto aende shambani mwaka huu? Nikikuletea ile 28 yangu kabla ya tarehe 1 Septemba, utamruhusu aitumie?

Nijibu upesi, hata kwa simu.

Rafiki yako,
Selemani