Risala ya kikundi chetu cha Waswahili Toronto kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu, wazee na kina mama mliojaa humu ukumbini, shikamooni. Wadogo zetu hamjambo. Asante sana kwa kuitikia mwaliko.

Mgeni Rasmi, tumeambiwa risala iwe fupi, kwa hiyo historia ya kikundi tunairuka, ipo kwenye grupu la wasap kila mtu anaijua. Leo tunataka kukuelezea jimbo la ubunge la Don Valley East, hapa hapa Toronto, ambalo toka uchaguzi wa Aprili 2025 halipo tena kwenye ramani ya ubunge wa Kanada.

Lilianzishwa 1976, kura ya kwanza ikapigwa 1979, akapita Samuel Wakim wa chama cha Conservative, hata mwaka haujaisha nchi ikaingia tena kwenye uchaguzi akabwagwa na David Smith wa chama cha Liberal. Toka hapo likawa la kupokezana, mpaka David Collenette alipolikalia toka 1993 hadi 2004, huyo alikuwa waziri kabisa, wa ulinzi na baadaye uchukuzi.

Sasa utamu unaanzia hapo. 2004 akaingia mama Yasmin Ratansi, mhasibu, mzaliwa wa kwetu enzi za Tanganyika, na ndo mwanamke wa kwanza Mwislamu kuchaguliwa Bunge la Ottawa. Halafu 2011 Liberal wakachapwa nchi nzima wakabaki na viti 34, na yeye akaanguka, na aliyemuangusha ni nani? Joe Daniel wa Conservative, naye mzaliwa wa Tanzania! Yaani mpiga kura wa Don Mills, mtaa wa jimboni humo, kashika penseli na ile karatasi nyeusi yenye vimduara vyeupe, Daniel juu Ratansi chini, wote wawili wa kwetu, na sidhani kama wengi walishtuka.

2015 Daniel akaenda kugombea jimbo la jirani la Don Valley North akashindwa, mama Ratansi akarudi akakaa mpaka 2021, mwishoni akiwa mbunge huru, kisha akaja Michael Coteau wa Liberal.

Ndo ikaja sensa. Huku kila miaka kumi tume huru inapanga mipaka upya, mkoa wetu wa Ontario ukaongezewa kiti kimoja ila Toronto ikashushwa kutoka 25 hadi 24, na la kwetu likawa la kukatwa. Coteau kahamia jimbo la Scarborough—Woburn, na jina limebaki mkia tu kwenye jimbo jipya la Scarborough Centre—Don Valley East. Hatusemi tumeonewa, hesabu ni hesabu, ila inauma.

Ombi letu, Mgeni Rasmi, utusaidie kutafuta mabango na vipeperushi vya kampeni ile ya 2011 kabla havijatupwa, watoto wetu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi wavione. Na mfuko ukiruhusu, spika mpya, hii inakoroma kama ulivyojisikilia mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.