Mpunjabi Si Jina la Dini: Barua kwa Swahiba Wangu wa Tanga

Nairobi,
Jumapili jioni.

Swahiba wangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Barua yako niliipokea juzi, nami nimefurahi kusikia kwamba mama amepata nafuu na kwamba watoto wamefunga shule salama. Sisi huku hatujambo, kwa uwezo wake Mola.

Uliniuliza jambo ambalo limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Mwalimu mwenzako amekwambia kwamba Mpunjabi na Singasinga ni kitu kimoja, na kwamba Mwislamu anayejiita Mpunjabi bila shaka babu yake alisilimu jana. Umetaka kauli yangu kwa kuwa unajua nimeshika vitabu vya hesabu miaka kumi na minane katika karakana ya mbao ya Kalasinga mmoja hapa Nairobi. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu kosa la mwalimu mwenzako nililifanya hata mimi, na lilinichukua miaka kulitambua.

Punjab ni jina la nchi. Limetokana na Kiajemi, nalo maana yake ni maji matano, yaani mito ya Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Mpunjabi ni mtu wa nchi hiyo na wa lugha yake. Hao tunaowaita Kalasinga sisi, na Singasinga ninyi, yaani wafuasi wa dini ya Sikh, ni sehemu ndogo tu ya Wapunjabi. Jimbo la Punjab lililoko Pakistan lina watu zaidi ya milioni 120, karibu wote Waislamu, ilhali Punjab ya India ilihesabiwa mwaka 2011 ikakutwa na watu wasiofika milioni 28, na hata humo Kalasinga walikuwa takriban asilimia 58, wengi wa waliobaki wakiwa Mabaniani, yaani watu wa dini ya Kihindu. Kwa hiyo ukikutana na Mpunjabi bila kumjua, la kukisia kwanza ni kwamba ni Mwislamu.

Haya yote niliyaelewa siku moja pale karakanani. Tajiri wangu, mzee wa kilemba aliyezaliwa hapa hapa Nairobi, alikuwa na jirani yake muuza vipuri, mzee Mwislamu ambaye ukoo wake uko Lahore. Kila alasiri walikunywa chai pamoja juu ya benchi la randa, wakizungumza Kipunjabi kwa kasi ambayo mimi sikuweza kuifuata. Siku hiyo muuza vipuri alikuja na barua ya dada yake, akampa tajiri aitazame. Tajiri akaigeuza huku na huku, akairudisha, akasema, "Nisomee, bhai." Barua ilikuwa ya Kipunjabi, lakini imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, zile waziitazo Shahmukhi, na tajiri wangu alijua Gurmukhi tu, herufi alizofundishwa hekaluni utotoni. Mwenzake akavaa miwani na kuanza kusoma kwa sauti. Walipofika mahali dada anapoeleza kisima cha nyumba ya zamani, tajiri aliimalizia sentensi yeye mwenyewe kabla haijasomwa, kwa kuwa ulikuwa msemo wa bibi yake. Macho yake yalilowa. Nikawakumbuka bibi zetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambao leo wajukuu wao hawawezi kuzisoma nyaraka zao ila wasomewe.

Basi ni vipi watu wa ulimi mmoja wakafika hapo? Huwezi kuijibu hoja hii bila kuanza na mawalii. Uislamu ulienea Punjab kwa sehemu kubwa kupitia masufi na ziara zao, na mkubwa wao kwa upande wa lugha ni Baba Farid wa Pakpattan, aliyefariki karne ya 13. Yeye alitunga mashairi kwa lugha ya wakulima badala ya Kiajemi cha wasomi, akizungumzia uzee, mauti na kukivunja kiburi cha moyo. Baada yake, mwaka 1469, alizaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kalasinga, katika kijiji ambacho leo huitwa Nankana Sahib, naye alihubiri Mungu mmoja asiye na sanamu na akakataa watu wapangwe kwa nasaba. Msafiri mwenzake wa daima alikuwa Mwislamu, Mardana, mpigaji wa rababu. Tena Guru wa tano, yaani kiongozi wa tano wa dini hiyo, Arjan, alipokusanya kitabu kitakatifu cha Kalasinga mwaka 1604, aliyaweka ndani yake mashairi ya Farid. Tafakari hilo, ndugu yangu: kila hekalu la Kalasinga, hata hilo la jirani yako, lina maneno ya sheikh wa Kiislamu yanayosomwa kwa heshima ileile ya maneno ya Guru.

Wanasimulia kwamba Nanak alipofariki pale Kartarpur mwaka 1539, Mabaniani walitaka kumchoma na Waislamu walitaka kumzika. Walipofunua shuka wakakuta maua tu, wakaigawa shuka na maua nusu kwa nusu, kila upande ukafanya desturi yake. Sikuletei simulizi hii kama ushahidi wa mahakamani. Ninakuletea kwa kuwa Kartarpur yenyewe ina kaburi na ina mnara wa kumbukumbu ya uchomaji, na watu wa dini zote wamepazuru karne kwa karne bila kuona ajabu.

Sitaki udhani palikuwa peponi. Guru Arjan aliuawa Lahore mwaka 1606 katika enzi ya Jahangir, mfalme Mwislamu wa dola ya Mughal, na Guru wa tisa, Tegh Bahadur, alikatwa kichwa Delhi mwaka 1675 kwa amri ya Aurangzeb, mfalme wa dola hiyohiyo. Ni baada ya damu hiyo ndipo mwanawe, Guru Gobind Singh, alipounda udugu wa Khalsa kule Anandpur mwaka 1699, na kuwapa alama zile unazozijua kwa macho: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, upanga na kaptula. Wanaume wakaitwa Singh na wanawake Kaur. Hapo Kalasinga akawa mtu wa kutambulika kwa mbali.

Hata hivyo, kwa karne mbili zilizofuata mipaka ilibaki laini. Palikuwa na familia za Kibaniani zilizomlea mtoto mmoja wa kiume kuwa Kalasinga na ndugu zake wakabaki na dini ya baba, wote wakila sufuria moja. Maharaja Ranjit Singh, mfalme Kalasinga aliyeitwaa Lahore mwaka 1799, alimfanya Mwislamu, Fakir Azizuddin, kuwa mshauri wake wa mambo ya nje. Kwa maoni yangu, kilichozikausha kuta ni kalamu ya karani wa sensa. Waingereza walipoitwaa Punjab mwaka 1849 walianza kuhesabu watu kwa dini, na kila mtu akalazimika kuwa kitu kimoja tu kwenye daftari. Zikaibuka jumuiya za kusafisha dini: Singh Sabha kwa Kalasinga mwaka 1873, tawi la Arya Samaj kwa Mabaniani pale Lahore mwaka 1877, na kwa Waislamu nao zao. Mwaka 1905 sanamu za Kibaniani ziliondolewa katika viwanja vya Hekalu la Dhahabu la Amritsar. Siwalaumu waliofanya hivyo, kwa maana walitaka dini yao ijulikane kwa jina lake, lakini kuanzia hapo kuishi katikati kulizidi kuwa kugumu.

Mwaka 1947, Waingereza walipoondoka na nchi ikagawanywa kuwa India na Pakistan, unaujua. Wakili wa Kiingereza ambaye kabla ya hapo hakuwahi kufika India alipewa takriban wiki tano kuukata mpaka, na mstari wake ukatangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru. Lahore ikaenda Pakistan, Amritsar ikabaki India, miji iliyo karibu kilomita 50 tu. Mamilioni walihama kwa miguu, kwa mikokoteni na kwa treni, Waislamu wakielekea magharibi, Kalasinga na Mabaniani wakielekea mashariki, na malaki ya watu wakachinjwa njiani na watu wanaozungumza lugha yao. Tajiri wangu alikuwa na shangazi aliyepotea mwaka huo. Hakuna aliyewahi kumtaja jina mbele yangu.

Lakini upo mji mmoja ulionusurika, nao ni Malerkotla. Mwanzoni mwa karne ya 18, gavana wa Sirhind aliamuru watoto wawili wadogo wa Guru Gobind Singh wauawe, na Kalasinga husimulia kwamba walijengewa ukuta wakiwa hai. Mtawala Mwislamu wa Malerkotla, Sher Mohammad Khan, ambaye mwenyewe alipigana dhidi ya Guru, alisimama akapinga kwamba kuua watoto si katika Uislamu. Hawakumsikiliza. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye, wakati Waislamu wa Punjab ya mashariki walipokuwa wakiuawa na kufukuzwa, Malerkotla haikuguswa, na hadi leo wakazi wake wengi ni Waislamu ndani ya India. Ukimwuliza Kalasinga sababu, atakwambia ni dua ya Guru. Tajiri wangu alipokuwa akinisimulia habari hii, alikuwa akiacha kazi kabisa na kuweka penseli chini.

Baada ya mgawanyo, dini iliingia hata katika ulimi. Punjab ya Pakistan ilisomesha watoto wake kwa Kiurdu. Kule India, Mabaniani wengi waliozaliwa na kulelewa kwa Kipunjabi waliwaambia makarani wa sensa za 1951 na 1961 kwamba lugha yao ya mama ni Kihindi, ili wasionekane wanaunga mkono Kalasinga waliodai jimbo lao la lugha. Jimbo hilo lilipatikana mwaka 1966, na Haryana ikamegwa. Kwangu mimi hili linaumiza kuliko mpaka wenyewe, maana mpaka ulichorwa na mgeni, na lugha waliikana wenyewe.

Mwambie pia mwalimu mwenzako kwamba dini za Punjab zimetugusa sisi Waswahili kwa namna asizozifikiria. Jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo mimi na wewe hatukubaliani na itikadi yake, ilianzishwa Punjab mwaka 1889 na Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian. Ni mjumbe wake, Sheikh Mubarak Ahmad, aliyetoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili hapa Nairobi mwaka 1953, na kwa kiasi kikubwa ni kwa kuijibu ndipo Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipoandika yake, hiyo uliyo nayo rafuni kwako.

Utakapokuja Desemba, usipande basi la usiku. Panda la asubuhi kutoka Mombasa ushuke Makindu, nami nitakuwa nakungoja kwenye hekalu walilojenga Kalasinga wa reli mwaka 1926. Utavua viatu, utafunika kichwa, utakaa mkekani na madereva wa malori, nao watakupa chapati na dengu bila kukuuliza dini yako. Muuza vipuri ameniahidi kuja pamoja nami. Tangu tajiri afariki mwaka jana hajapata mtu wa kumsomea barua za dada yake, nami nimemwambia anisomee mimi, japo sielewi ila neno mojamoja.

Nisalimie mama na watoto.

Ni mimi swahiba wako wa siku zote.