Utabiri wa Baba Vanga: urudieni Desemba tuusahihishe

Mhariri, salaam kutoka Nkuhungu hapa Dodoma. Mi nina kibanda cha vocha na soda, gazeti lenu nalinunua kila asubuhi na wateja wanalisoma bure mpaka linachanika, kwahiyo msinione mgeni. Kila mwaka mpya mnatuwekea ukurasa wa Baba Vanga, yule bibi kipofu wa Bulgaria, mara vita mara matetemeko, na safari hii shangazi wa mke wangu kanipigia kutoka Bahi, mkwe, tuuze mtama au tuuweke ndani, maana kasomewa kwamba mwaka huu dunia inakwenda kombo. Nikamwambia shangazi usiuze, ila usiuweke kwa sababu ya Vanga, weka kwa sababu ya njaa ya Februari unayoijua mwenyewe.

Mi simdharau yule mama. Alizaliwa 1911 huko Strumica, leo ni Makedonia Kaskazini, akapoteza macho akiwa mtoto, akafariki Agosti 1996, na katikati hapo watu walipanga foleni kwake Petrich na Rupite, huko Bulgaria, kama wanavyopanga hospitali. Hadi mfalme wao Boris wa Tatu anasemekana alienda kumwona. Kinachonichekesha ni serikali ya kikomunisti, ile iliyokuwa ikihubiri kwamba hamna Mungu wala pepo, ndo ikamfanya mtumishi wa serikali miaka ya 1960, ana mshahara, wateja wanakata risiti, Mbulgaria analipa leva 10 na mtu wa nchi za Magharibi dola 50. Wapo Wabulgaria waliokuja kudai kwamba usalama wa taifa walikuwa wanamnong'oneza habari za wageni kabla hawajaingia. Sijui na siwezi kumhukumu kwa hilo, ila wengi walioenda pale walikuwa wamefiwa, wanataka kusikia neno kuhusu mtoto wao, na kama walitoka wamepata usingizi basi hilo nampa, ni lake.

Shida yangu ni utabiri. Vanga mwenyewe hakuandika kitu. Hakuacha daftari, tunachosoma ni fulani kasikia kwa fulani, na hata waliokuwa karibu naye wamekana mengi yanayozungushwa kwenye WhatsApp kwa jina lake. Chukueni ile ya Kursk, kwamba alisema Kursk itafunikwa na maji, na kweli Agosti 2000 nyambizi ya Urusi yenye jina hilo ikazama na watu 118. Inasisimua, nakubali, nywele zinasimama. Lakini orodha hiyohiyo inasema vita ya tatu ya dunia itaanza Novemba 2010 na Ulaya itabaki tupu 2016, sasa mbona hiyo haiwekwi kwenye ukurasa? Halafu orodha imefika hadi mwaka 5079, nani atakuwepo kumdai!

Wapenda mpira mnaikumbuka Kombe la Dunia 1994. Inasemekana alitamka kwamba fainali zitacheza timu mbili zinazoanza na B. Bulgaria ya Stoichkov ikawatoa Ujerumani 2-1, nadhani nchi nzima ilikuwa imeshalewa, alafu nusu fainali Baggio wa Italia akawafunga mawili, fainali ikawa Brazil na Italia. Nilipomsimulia jirani yangu muuza chipsi akaniambia "si Brazil ilifika, nusu imetimia!" Nikaona kazi ipo.

Na jinsi kazi ya utabiri inavyofanyika nimeiona kwetu wenyewe. Mwaka 2016 kaka yangu aliibiwa bodaboda, akaenda kwa mtaalamu mmoja, akatoa elfu themanini. Mtaalamu akafumba macho akasema naona mtu wa karibu, mrefu mrefu hivi, anakula kwenu. Kaka mwenyewe ndo akauliza, ni ba'mdogo? Mtaalamu akaitikia kwa kichwa tu, hakutaja jina la mtu hata mara moja, ukimrudia leo atakwambia mi sikusema. Miaka miwili kaka na ba'mdogo hawakusalimiana hadi msibani, pikipiki ikaja kukamatwa mikononi mwa kijana wa Singida ambaye ukoo mzima hatumjui. Elfu themanini haikurudi, na ba'mdogo mpaka leo akija anakaa nje.

Na hapa kwetu tulikuwa na marehemu Sheikh Yahya Hussein, yule mnajimu, aliyefariki Mei 2011, Mungu amrehemu, nyota zake tulikuwa tunazifuata wote tusidanganyane. Kabla ya uchaguzi wa 2010 alisema atakayempinga Kikwete ndani ya CCM atakufa ghafla. Julai mkutano mkuu ukakaa hapahapa Dodoma, Kikwete akapitishwa peke yake. Sasa huo utabiri utaupima na nini, wakati aliyetakiwa kufa hakujitokeza? Ila kutisha uliweza.

Nikiwa mdogo kijijini kulikuwa na mzee wa mvua. Alikuwa anaangalia upepo, anaangalia mibuyu ikianza kuchipua, anasema mbele za watu tayarisheni mashamba. Mvua isipokuja wanamcheka kwenye pombe na yeye yupo hapohapo na kata yake, anacheka nao, mwaka unaofuata anasema tena. TMA, watu wa hali ya hewa, nao wanatoa utabiri wao, sisi huku msimu ni mmoja tu Novemba hadi Aprili, wakisema chini ya wastani ikaja mvua ya kubomoa madaraja kila mtu anaona wamekosea.

Kwahiyo Mhariri sisemi muuache huo ukurasa, najua unauza, hata mi wateja siku ile walinijazia benchi. Naomba tu Desemba mwishoni muuchape tena uleule, msibadilishe neno. Wa Januari nimeukata nimeubandika nyuma ya mlango wa kibanda, pembeni ya utabiri wa mvua, na kalamu nyekundu nimeifunga kwa uzi hapohapo. Mpaka sasa shangazi ndo kapiga vema ya kwanza, kwenye mvua.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma